Insha za Sangara Zilizofanana

Swali lenyewe ni la zamani kuliko wanafunzi wanaolijibu: eleza sababu sita za kupungua kwa samaki katika Ziwa Victoria. Limo kwenye vitabu vya kiada, limo kwenye pepa za nyuma, na mimi nimelitoa kama kazi ya nyumbani kwa kidato cha tatu miaka nenda rudi. Kwa sisi wa Mwanza ni swali la mlangoni. Darasani kwangu wapo watoto wa wavuvi, watoto wa akina mama wanaoanika dagaa, watoto wa makuli wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na wachache ambao baba zao wana ofisi mjini lakini samaki wa Jumapili wanamnunua palepale.

Mwaka huu insha zilirudi zimefanana. Kufanana kwa kupigiana chabo nakujua: kosa la tahajia la mwanafunzi mmoja linahama daftari hadi daftari, na wa mwisho analiongezea la kwake. Hizi zilifanana kwa namna nyingine. Kila hoja ilikuwa na kichwa chake, kila kichwa kina sentensi tatu, Kiingereza kimenyooka, na mwishoni aya inayowataka serikali, wananchi na wadau wote washirikiane. Hakuna aliyetaja kokoro, wavu haramu wa kukokota. Hakuna aliyetaja timba, zana nyingine haramu ya uvuvi. Binti mmoja, ambaye mama yake anafanya biashara ya mabondo na kwa hiyo anajua kuliko mimi kwamba kuna sangara anatafutwa kwa ajili ya kile kibofu chake kuliko hata minofu, aliandika kwamba samaki huvuliwa kama chanzo cha protini. Akaishia hapo.

Nilijua walikouliza. Simu shuleni haziruhusiwi, lakini nyumbani ipo ya dada, ya mjomba, au ya baba akishalala. Bando dogo tu linatosha. Wengine hawahitaji hata simu: wanapita steshenari, wanamsomea kijana wa kompyuta swali, naye analichapa kwenye ChatGPT, anawatolea karatasi, wanakwenda kunakili kwa mkono ili ionekane ni jasho lao.

Ofisini walimu wenzangu walikasirika kwa niaba yangu. Mmoja alisema tufute kazi za nyumbani kabisa. Mwingine alisema kizazi hiki kimeshaacha kufikiri, akili mnemba imekula ubongo wao, na tusubiri tuone madaktari watakaotoka humo. Mimi nilichukua mwongozo wa kusahihishia nikaanza kutoa alama, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, kwa sababu insha zile zilistahili alama karibu zote. Hoja sita zilikuwepo. Utangulizi ulikuwepo. Hitimisho lilikuwepo. Mwongozo haukuwa na mstari hata mmoja unaouliza kama mwandishi amewahi kuliona ziwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa na ugomvi na ile kauli ya kwamba mashine imeua fikra za wanafunzi wetu. Kitu hakiuawi kabla hakijaruhusiwa kuishi.

Tuwe wakweli kuhusu shule tulizosoma. Mwalimu anaingia, anaandika ubaoni mpaka chaki inaisha, sisi tunanakili. Akiwa na haraka anamwachia kiranja notisi, kiranja anaandika, sisi tunanakili. Mtihani ukikaribia tunatafuta majibu ya pepa za miaka iliyopita, tunameza. Anayemeza vizuri zaidi ndiye kipanga. Chuo kikuu ni yale yale kwa jina la desa: kitini kilichoachwa na waliotangulia, kinapigwa kopi na kizazi baada ya kizazi, na wapo waliomaliza shahada bila kufungua kitabu kingine. Steshenari zinazozunguka vyuo zilikuwa zinauza tafiti zilizokwisha andikwa miaka mingi kabla OpenAI haijaitoa ChatGPT mwishoni mwa Novemba 2022. Unabadilisha jina la wilaya, unabadilisha jina lako, unajalidi. Kilichobadilika ni bei na muda wa kusubiri.

Na mwanafunzi anayeuliza? Kila Mtanzania aliyesoma fizikia anapaswa kumjua Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu shule ya Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unaweka sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaingiza kwenye jokofu. Siku moja, kwa kugombania nafasi, Mpemba akayaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyokuwa yamepoa. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu wa huko akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Darasa likapata utani wa kudumu. Kisha akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, Mpemba akanyanyua mkono akauliza lile lile mbele ya wenzake wanaocheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, jaribio likafanyika, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la fizikia. Hadi leo wanasayansi wanabishana kama jambo lenyewe ni la kweli na ni kwa masharti gani, lakini wanabishana wakilitaja jina la kijana wa Tanzania.

Tunapenda kuisimulia habari hii kama ya ushindi. Mimi naisoma kama takwimu. Ni mmoja aliyeuliza mara tatu. Waliouliza mara moja, wakachekwa, wakakaa chini, hatuna orodha yao.

Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka shule zimjengee kijana akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na ama kukataa ama kurekebisha anachojifunza kiendane na mahitaji yake, pamoja na kujiamini. Ni karibu miaka 60. Mtaala wa 2005 ulikuja na umahiri, na mitaala iliyoanza kutumika 2024 imekuja na umahiri tena. Maneno ya kwenye mitaala yetu ni mazuri sana. Ila darasa lenye watoto wanaobanana watatu kwenye dawati moja lina mtaala wake.

Kuna jambo jingine ambalo walimu hulizungumza kwa sauti ya chini. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefikiri kwa Kiswahili miaka yote saba, kisha anafika kidato cha kwanza anaambiwa afikiri kwa Kiingereza kuanzia Jumatatu. Nendeni kwenye mdahalo wa shule mkasikilize. Mada imeandikwa vizuri, mwenyekiti amevaa tai, na watoto wamesimama wanatoa sentensi walizokariri jana usiku. Kengele ya mapumziko ikilia, wale wale waliokuwa wamekaa kama wamemwagiwa maji wanatoka nje kubishana Simba na Yanga. Hapo utasikia hoja. Mmoja anadai ile haikuwa penalti, mwenzake anamuuliza alikuwa ametazama kwa kamera gani, wa tatu anakumbusha kwamba mwamuzi huyo huyo mechi iliyopita alitoa kadi kwa kosa dogo kuliko lile, wa nne anasema wewe unasema hivyo kwa sababu ni Mwananchi, yaani wa Yanga. Ushahidi, chanzo cha ushahidi, kulinganisha, kutambua upendeleo wa msemaji. Vyote vipo, tena bila mwalimu.

Kwa hiyo mtoto huyu anapopeleka swali la sangara kwenye simu, kwa sehemu kubwa anachotafuta ni Kiingereza. Mawazo anayo. Anajua kokoro linakusanya mpaka vifaranga, anajua maana ya doria na nani hukimbia ikitokea. Hajui namna ya kuyaandika hayo bila kuonekana mjinga mbele ya mwalimu. Mashine inampa maneno, na pamoja na maneno inampa mawazo ya mtu mwingine kabisa, ambaye hajawahi kufika mwaloni. Anabadilishana. Na sisi tunampa alama kwa kubadilishana huko.

Wenzetu waliodhani programu za kugundua maandishi ya mashine zitatuokoa, hapo napita haraka. OpenAI wenyewe walitoa ya kwao wakaiondoa Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu 7 za aina hiyo kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na binadamu, zilihukumiwa kuwa ni za mashine. Kiingereza cha sentensi fupi na msamiati wa kawaida kinaonekana cha mashine. Yaani Kiingereza cha wanafunzi wangu. Asante, hapana.

Lakini nisije nikaonekana wakili wa simu. Madhara yapo, na yamepimwa. Uturuki walichukua wanafunzi wa sekondari karibu 1,000 katika hisabati. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa daftari na kitabu tu. La pili lilipewa akili mnemba ya kawaida, ya kuuliza na kujibiwa. La tatu lilipewa iliyotengenezwa kwa msaada wa walimu ili itoe vidokezo bila kutoa jibu. Wakati wa mazoezi kundi la pili lilifanya vizuri kwa asilimia 48 kuliko wasio na kitu, na la tatu kwa asilimia 127. Kisha akili mnemba ikaondolewa, ukatolewa mtihani. Wale wa akili mnemba ya kawaida walishuka kwa asilimia 17 chini ya wenzao ambao hawakuwahi kuigusa. Wale wa vidokezo walikuwa takriban sawa na wasioigusa. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba walioshuka hawakujua kwamba wameshuka. Walijiona wamejifunza.

Wengi mmeona pia habari za utafiti wa 2025 wa chuo cha MIT, Marekani, ule wa watu walioandika insha wakiwa wamevalishwa vifaa vya kupima mawimbi ya ubongo. Waliotumia ChatGPT walionyesha mawasiliano hafifu zaidi kati ya sehemu za ubongo, na wengi wao walishindwa kunukuu insha waliyotoka kuiandika muda mfupi uliopita. Mitandaoni ikageuzwa kuwa AI inaozesha ubongo. Washiriki walikuwa 54 tu, na ulitangazwa kabla haujapitiwa na wataalamu wengine, kwa hiyo mimi siubebi kama msahafu. Ila ile ya kushindwa kunukuu nimeiona kwa macho yangu. Nilimwomba kijana mmoja anieleze hoja yake ya tatu. Akaniuliza, "Ya tatu ni ipi, mwalimu?"

Na kwa upande mwingine kuna Nigeria, jimbo la Edo, katikati ya 2024. Benki ya Dunia ilisimamia mpango wa wiki sita, wanafunzi wa sekondari wakibaki baada ya masomo kujifunza Kiingereza kwa msaada wa Copilot, akili mnemba ya Microsoft, walimu wakiwemo chumbani wakiongoza. Matokeo yalikuwa mazuri sana kwa muda mfupi kama huo, na hata mtihani wa kawaida wa muhula waliofanya baadaye ulionyesha tofauti. Chombo ni cha aina moja na kile kilichowashusha Waturuki. Tofauti ni nani alikuwa chumbani, na kazi ilipangwaje.

Ni vizuri pia mwanafunzi ajue kitu kile kinafanyaje kazi, maana wengi wanakiona kama mzee aliyesoma vitabu vyote. Kinachofanya ni kukisia: kwa kuzingatia maandishi mengi mno kilicholishwa, baada ya maneno haya, kipande gani cha neno kina uwezekano mkubwa wa kufuata? Kinaweka hicho, kinakisia kingine. Kwa kuwa maandishi kilichokula ni ya watu wanaojua vitu, mara nyingi kinapatia. Kisipojua hakinyamazi, kinaendelea kukisia kwa sauti ile ile ya kujiamini. Mwaka 2023 mawakili wawili New York waliwasilisha mahakamani hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zote zimetungwa na ChatGPT, wakatozwa faini ya dola 5,000. Ni watu wazima wenye shahada za sheria. Sasa mtoto wa kidato cha tatu wa Igoma ataanzaje kuitilia shaka, wakati tangu darasa la kwanza kutilia shaka maandishi kumemletea viboko?

Sasa niseme nilichofanya na zile insha.

Sikuzirudisha na alama. Niliingia darasani nikaandika ubaoni sentensi moja waliyoiandika karibu wote: sangara walioletwa ziwani waliwala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, mpaka aina nyingi zikatoweka. Nikawauliza, kwa Kiswahili, nani aliona?

Kimya. Kisha mmoja: "Imeandikwa, mwalimu."

"Na nani?"

"Na wataalamu."

"Walikaa wapi wakaona?"

Hapo wakaanza kuangaliana. Hawakujua kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wa dunia kuhusu furu imetoka hapa hapa, Ghuba ya Mwanza. Watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walianza kufanya kazi hapa mwaka 1977, wakati furu wakiwa bado wamejaa, wakishuhudia mabadiliko nyavu kwa nyavu. Sangara walikuwa wamepandikizwa katika ziwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, wakakaa kimya kwa miaka, kisha miaka ya 1980 wakalipuka. Furu walikuwa aina kama 500. Inakadiriwa aina karibu 200 zilitoweka. Hiyo ni sentensi yao ubaoni, na si ya uongo.

Lakini ziwa lina mambo mengine. Nikawaambia kuhusu furu wawili wa kwenye miamba ya ghuba yetu. Dume la mmoja lina mgongo mwekundu, dume la mwingine lina rangi ya buluu-kijivu. Huyo mwekundu anaitwa kisayansi Pundamilia nyererei, na ndiyo, ni kwa heshima ya Mwalimu. Darasa lilicheka kwa furaha, wakasahau kwa dakika nzima kwamba tuko kwenye kipindi. Majike ya aina hizi mbili yanafanana sana, na jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Katika maabara, watafiti walipowaweka chini ya taa ya rangi ya chungwa ambayo inaficha tofauti ya nyekundu na buluu, majike yaliacha kuchagua. Yakamkubali yeyote. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake wakaonyesha, kwa kupima sehemu mbalimbali za ziwa, kwamba penye maji machafu rangi za madume zimefifia na aina za furu ni chache. Maji yakichafuka kwa udongo unaoporomoka kutoka mashambani, kwa mbolea na kwa majitaka ya miji, mwanga haupenyi, jike halioni, na aina mbili zinageuka kuwa moja bila sangara hata mmoja kufungua mdomo.

"Kwa hiyo sangara anasingiziwa?" aliuliza kijana wa nyuma, yule ambaye huwa haongei.

Nikamwambia mimi sijasema hivyo. Akakasirika kidogo, alitaka nimpe jibu aandike. Wenzake wakaingilia. Mmoja akasema bibi yake, anayekaa Ukerewe, husimulia kwamba zamani walichota maji ya kunywa ziwani bila wasiwasi na mtu aliweza kuona mawe chini. Mwingine akamwambia huo si ushahidi, bibi wote husema zamani kulikuwa kuzuri. Akajibiwa: sawa, lakini bibi wa Ukerewe na Mzungu wa Uholanzi hawajuani, na wamesema kitu kimoja. Mimi nilikaa kwenye kiti. Ulikuwa ubishi wa Simba na Yanga, safari hii juu ya furu.

Binti wa mabondo akauliza swali bora kuliko yote: kama sangara ndiye aliyewamaliza furu, basi sangara wakivuliwa sana, furu wanatakiwa kurudi. Wamerudi? Wamerudi, baadhi. Kuanzia miaka ya 1990, uvuvi wa sangara uliposhamiri, watafiti wa ghuba hii waliona baadhi ya aina zikiongezeka tena, hasa wale wanaokula vijidudu vya majini, na baadhi ya waliorudi hawakuwa sawa na walioondoka. Chakula chao na hata maumbile yao yalikuwa yamebadilika kuendana na maji mapya. Swali lake kwa hiyo lilikuwa na jibu lenye pande mbili, na alilifikia kwa kufikiri tu, hakulisoma popote.

Ndipo nikatoa simu yangu. Tukaiuliza ChatGPT lile swali la kwanza kama walivyoliuliza wao. Ikaja na hoja zile zile, darasa likaguna kwa kujitambua. Kisha tukaiuliza kuhusu uchafu wa maji, rangi za madume na uchaguzi wa majike katika Ghuba ya Mwanza. Ikaeleza vizuri. Ilikuwa inajua muda wote.

"Mbona haikutuambia?"

Hilo ndilo lililonikaa kichwani kuliko tafiti zote nilizozitaja hapo juu. Mashine ilikuwa na habari ya furu wa Mwanza, ila ilimjibu aliyeuliza kwa kiwango cha swali lake. Aliyeuliza swali la mtihani alipewa jibu la mtihani. Aliyekuja na shaka alipewa kitu cha kufanyia kazi. Tofauti hiyo ya kuuliza haipatikani kwenye bando. Inatokana na bibi wa Ukerewe, na biashara ya mama, na mwalimu aliyepata muda wa kusoma kitu nje ya kiada, na darasa ambalo ukiuliza hawacheki. Mtoto wa shule ya ada kubwa kule Capri Point ana vyote hivyo na kompyuta mpakato juu yake, kwa hiyo chombo hiki kitamsogeza mbele. Wa kwangu ana simu ya dada.

Kitu kimoja mashine ilikosea, nasi tulikifurahia kupita kiasi. Kijana mmoja wa Ilemela, baba yake ni mvuvi wa dagaa, alitaka kuijaribu kwa Kiswahili. Akauliza ni usiku gani mzuri wa kuvua dagaa. Ikamjibu kwamba usiku wa mwezi mpevu ni mzuri kwa sababu wavuvi wanaona vizuri. Kila mtoto wa ziwani anajua ni kinyume. Dagaa huvutwa na taa. Zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga umetapakaa kila mahali, taa yako haina maana, na watu wanapumzika, wanashona nyavu mpaka giza lirudi. Alipoipinga, ikaomba radhi na kukubaliana naye mara moja. Akaniambia: "Hii ukiikazia tu inakubali, mwalimu. Sasa ningeikazia kwa uongo?" Akajaribu. Nayo ikakubali uongo wake nusu nusu. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kuwahutubia kuhusu kuamini simu.

Sasa nimebadilisha maswali. Sababu sita sizitoi tena kwa kazi ya nyumbani. Natoa kitu kama hiki: mwulize mtu wa nyumbani kwenu anayehusika na samaki kwa njia yoyote, kuanzia nyavu hadi mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa, bei imebadilikaje na yeye anadhani ni kwa nini, kisha iulize mashine swali hilo hilo, kisha andika wapi wanatofautiana na wewe unamwamini nani, na kwa nini. Waanze kwa Kiswahili. Kiingereza tunakigeuza pamoja darasani, na hapo simu yangu inaruhusiwa kusaidia sentensi. Kusahihisha kunachosha mara mbili, kwa sababu hakuna mwongozo, na insha nyingine ni mbaya kwa namna mpya kabisa ambazo sikuzizoea.

Malalamiko yameshafika. Mzazi mmoja alikuja ofisini kuuliza kwa nini daftari la mwanawe halina notisi, na kwa nini mwalimu wa jiografia anamtuma mtoto akamhoji baba yake bei ya timba, kitu ambacho kwa hali ya doria za sasa hakipendezi kuandikwa kwenye daftari. Kwa hoja ya pili alikuwa na haki, na nimeondoa zana haramu kwenye mahojiano. Mwalimu wa taaluma naye ameniuliza, kwa upole, kama nakumbuka kwamba mtihani wa taifa hauna bibi wa Ukerewe. Nakumbuka. Mtihani wa kidato cha nne wataufanya Novemba ya mwaka kesho, na swali likitoka litataka hoja zile zile, kwa Kiingereza, kwa muda uliopimwa, na asiyezitaja atakosa alama hata kama ana hoja bora kuliko mtunga mtihani.

Kwa hiyo kwa sasa tunaishi na mitaala miwili. Jumatatu hadi Alhamisi tunapiga pepa za nyuma kama kila mtu, hoja sita, utangulizi, hitimisho. Ijumaa vipindi viwili vya mwisho ni vya maswali yasiyo na mwongozo. Wiki iliyopita binti wa mabondo aliuliza kama mtu anaweza kupata alama za Ijumaa kwenye mtihani wa Jumatatu. Nimelipeleka swali lake kwenye kikao cha idara, na hadi naandika haya bado tunabishana.